Ngazi Mia na Kumi na Nne

Jumamosi, 3 Februari

Nimeamua. Asubuhi kipaza sauti cha kambi kimepita kikitangaza kwamba shirika la maji limechoka kutuletea vitu vilivyobuniwa ofisini na kuvikuta vimegeuzwa kamba za kuanikia nguo. Safari hii tutabuni sisi wakimbizi, wao watajenga. Koki ni moja tu kabla ya mvua. Itajengwa kwa mpango utakaoshinda. Mitaa miwili inashindana: Mtaa wa Juu, yaani sisi, na Mtaa wa Kati, yaani Foyaz.

Foyaz anauza chai kwenye ngazi ya arobaini. Kule kwetu Buthidaung, ng'ambo ya mto wa mpakani, kabla ya kukimbia, mimi niliuza tambuu na popoo, yeye akauza chai mlango wa pili, na hata huko alikuwa akinichokoza mbele ya wateja. Leo kasema koki ni ya Foyaz, na Injinia Ziabul, yaani mimi, akaponde popoo zake. Watu wakacheka. Wote nimewaweka akilini kwa majina.

Nimehesabu ngazi kutoka pampu ya mkono kule bondeni mpaka mlangoni kwangu. Mia na kumi na nne. Nilizihesabu nikipanda nyuma ya mke wangu Senowara, naye ana mtungi kiunoni na mimba ya miezi saba mbele. Alipumzika mara tatu. Mara ya tatu, ngazi ya tisini, uso wake ulipauka nikaogopa kweli. Nikamwambia pole. Akauliza kama hiyo pole ina mpini wa kushika.

Kwetu mwanamume habebi mtungi kiunoni. Hilo halina mjadala. Lakini mwanamume anaweza kuleta koki. Nimeapa: koki itakuwa juu ya kilima kabla mtoto hajazaliwa. Na mwenyekiti wake nitakuwa mimi.

Jumapili, 4 Februari

Warsha imeanza. Wanaume tumekaa darasani, wanawake wamekaa kituo chao cha jirani, ukuta wa mianzi katikati. Mhandisi anaitwa Tasnuva. Ni binti wa Chittagong, mji wa nchi hii tuliyokimbilia, kwa hiyo lugha yake inakaribiana sana na yetu na kumdanganya ni kazi.

Ametupa udongo, mianzi na uzi, tujenge mfano wa koki tunayoitaka. Nimejenga mnara. Ghorofa tatu! Koki kumi na mbili, zote kwenye kimo cha kichwa cha mwanamume ili zionekane kwa mbali. Bango lenye jina langu. Kiti cha mwenyekiti chini ya mwavuli. Foyaz amejenga koki moja iliyotokeza ndani ya kibanda chake cha chai. Hana hata haya.

Tasnuva ameuzunguka mnara wangu mara mbili. Akauliza mama mjamzito atauinuaje mtungi mpaka kichwani. Nikasema hilo ni jambo dogo la kiufundi. Akauliza nyumbani kwangu ni nani anayechota maji. Nikasema sisi. Akauliza sisi ni nani. Nikasema familia. Akauliza mitungi mingapi kwa siku. Nikasema mitatu, kwa sauti ya mtu anayejua.

Ukutani upande wa pili pakazuka kicheko kirefu. Kilianzia kwa Senowara. Nakijua kicheko chake.

Jumatatu, 5 Februari

Ni kumi na moja. Mitungi kumi na moja kwa siku, hasa siku ya kufua. Senowara kanihesabia kwa vidole vyake, vilipoisha akaazima kimoja changu.

Nimemuuliza wanawake wamejenga nini huko kwao. Hawajajenga kitu, eti wanazungumza tu. Nikauliza wanazungumza nini. Akasema ya wanawake ni ya wanawake, nimpishe apepete mchele. Nimefarijika. Watu wanaozungumza siku mbili bila kujenga hata ghorofa moja hawawezi kunishinda.

Kutwa nimekaa kwenye benchi langu chini ya kichanja cha maboga, mbele ya nyumba, nikitengeneza hotuba ya mwenyekiti. Hapa ndipo mahali pazuri kuliko pote kilimani. Pana kivuli, pametulia, ni tambarare, na unamwona Foyaz kutoka juu.

Jumanne, 6 Februari

Msiba. Tasnuva katangaza kwamba kesho kila mwanamume wa warsha atabeba mtungi mmoja, umejaa, kutoka pampuni mpaka kwake. Anataka tuijue njia kwa miguu kabla ya kuichora. Kisha atapima maji tuliyofika nayo, aone dawa ya kuua vijidudu inayotiwa pampuni kama bado imo.

Mimi? Na mtungi kiunoni? Foyaz atalisimulia jambo hili mpaka wajukuu wake wazeeke.

Nimekaa kwenye benchi mpaka chai ikapoa. Mpango umekuja. Nitajaza pampuni kama kila mtu. Kwenye kona ya ngazi ya kumi na tano, pasipoonekana, nitamwaga. Nitapanda na mtungi mtupu nikiwa na uso wa mateso. Kwenye ngazi ya mia, nyuma ya kichaka, utakuwa unanisubiri mtungi mwingine umejaa. Maji ni maji.

Jumatano, 7 Februari

Niandike kwa utulivu.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Kijana wa dawa pampuni alitia kipimo chake kwenye mtungi wangu na kunitakia heri. Kwenye kona nikamwaga. Nikapanda nikihema. Nilihema vizuri mno, bibi mmoja akaniombea dua. Foyaz alikuwa amemaliza ngazi zake arobaini na kulala chali juu ya meza yake ya chai, hoi, hata matusi yalimshinda. Ngazi ya mia nikabadilisha mtungi. Nikafika juu kidume.

Tasnuva akachota maji ya kila mmoja kwenye kichupa, akadondosha kidonge, akatikisa. Maji ya Foyaz yakageuka waridi. Maji ya imamu, waridi. Hata ya Nurul kiwete, aliyepanda kwa mkongojo huku mtungi ukining'inia mgongoni, waridi kabisa. Yangu yakabaki vilevile. Akatikisa tena. Vilevile. Waridi, akaeleza, maana yake dawa imo na maji ni salama. Akaniuliza kwa upole dawa yangu imepotelea wapi njiani. Nikasema huenda ni urefu wa kilima. Akaliandika daftarini kwake.

Kisha Senowara, aliyekuwa amesimama na wanawake wenzake, akanyoosha kidole. Kwenye mtungi wangu lilikuwa likielea gamba la samaki mkavu. Yalikuwa maji yake ya kuoshea vyombo, ya juzi. Foyaz, aliyekuja juu kutazama, akauliza mbele za watu kama ndiyo sababu kona ya ngazi ya kumi na tano imelowa kama josho la ng'ombe.

Hayo si kitu. Lililoniuma ni hili: kwa kuwa niliyachukua maji yake ya vyombo, Senowara alishuka bondeni mara moja zaidi. Ilikuwa safari ya kumi na mbili. Nilimwona kutoka kwenye benchi. Alipumzika mara nne. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena, na watu walikuwa wengi njiani. Sikushuka. Naandika hapa kwa kuwa hapa hapasomwi na mtu: nilijiona mdogo.

Koki itakuja juu ya kilima hiki. Nasema tena.

Ijumaa, 9 Februari

Baada ya swala Tasnuva amepita na habari. Keshokutwa ni uamuzi. Kila mtaa utachagua nyumba moja. Maji yatatekwa alfajiri, yatatiwa dawa, yatakaa nyumbani kutwa watu wakiyatumia, na jioni kabla ya magharibi atayapima. Mtaa ambao maji yake bado yatakuwa na dawa utakuwa umeonyesha kwamba mpango wake wa kuteka na kuhifadhi unafanya kazi. Maji yasiyo na dawa ndiyo yaliyolaza nusu ya watoto wa kambi kwa kuhara mwaka jana. Hilo sikulicheka, wala Foyaz hakulicheka.

Mtaa wa Juu umechagua nyumba yangu. Kwa usahihi zaidi, wanawake wameichagua nyumba ya Senowara.

Nimelifikiria jambo hili kama mtaalamu. Waridi inashinda. Isiyo waridi inashindwa. Kwa hiyo kazi yote ni rangi. Na katika kambi nzima ni nani anayejua rangi kuliko mtu aliyeuza tambuu miaka kumi na minne? Popoo iliyopondwa, katu kidogo ya kukoleza wekundu, chokaa kidogo, maji ya moto. Nimejaribu kwenye kikombe. Ilianza nyekundu kama mate ya mzee. Nikaongeza maji. Waridi! Waridi ya harusi!

Senowara aliingia akakuta kikombe. Akakinusa. Akanitazama. Akakirudisha mahali pake, akatoka. Mwanamke asiyeuliza maswali ni neema.

Jumamosi, 10 Februari

Maandalizi. Nimeponda popoo nane. Imamu kauliza tuna sherehe gani. Nikasema subiri.

Senowara naye ana mambo yake. Kapokea kifuniko cha mtungi kilichokatwa kwa ndoo ya plastiki, kinabana mdomo sawasawa, na upawa wenye mpini mrefu ili mkono usizame majini. Eti wamevibuni wanawake, wa Juu na wa Kati pamoja. Nikamwuliza iwapo kifuniko kinabadili rangi ya maji. Akasema hapana. Basi kifuniko cha nini?

Jumapili, 11 Februari

Naandika kwa hasira kidogo na aibu kiasi.

Alfajiri Senowara aliteka, akatiliwa dawa, akafunika. Kutwa tulichota kwa upawa. Alasiri, alipotoka kuita wageni, nilifunua mtungi nikamimina popoo yangu. Kikombe kizima. Nikakoroga kwa upawa wake mwenyewe. Kifuniko nikakirudisha palepale.

Walianza kwa Foyaz, nyumba iliyochaguliwa na Mtaa wa Kati. Tasnuva akatikisa kichupa, maji hayakugeuka hata kidogo. Ikaonekana Foyaz huyaacha maji wazi kutwa na kuyamimina huku na huku ili harufu ya dawa iishe, kwa kuwa wateja wanasema inaharibu chai. Anafanya hivyo mwaka mzima! Anawapa watu maji yasiyo na dawa akitabasamu! Mkewe alimtazama, akaanza kupanga vikombe kwa kelele.

Moyo wangu ukacheza ngoma. Wakapanda kwangu, Foyaz nyuma yao kama mkia. Tasnuva akafunua mtungi. Akafunika. Akafunua tena. Akauliza mbona maji ni mekundu kabla hajatia kidonge.

Nikasema pengine dawa imekolea.

Foyaz akachovya upawa, akaonja, akatafuna hewa kidogo. Kisha akasema, polepole, ili kila mtu asikie:

“Jamani, mbona hamkutuwekea na majani? Tambuu bila jani haipandi.”

Sikumbuki vizuri kilichofuata, ila nakumbuka walivyocheka. Hata imamu. Halafu kicheko kikaisha, maana Tasnuva alikuwa akifunga sanduku lake. Akasema hawezi kupima maji yaliyotiwa rangi. Mtaa wa Kati umeshindwa, Mtaa wa Juu hauna jibu, na mpango wa wanawake sasa hauna ushahidi. Huenda shirika likaipeleka koki kambi nyingine.

Niliona ngazi zote mia na kumi na nne. Niliona ngazi ya tisini. Nikataka kusema samahani kwa mtu lakini sikujua nianze na nani.

Senowara akasema subirini. Akaingia ndani, akainama kwa taabu, akavuta kutoka chini ya kitanda mtungi wa pili. Umefunikwa. Umetekwa alfajiri ileile na kutiwa dawa mbele ya kijana wa pampu, nao umechotwa kutwa kwa upawa wa jirani. Tasnuva akamwuliza kwa nini aliuficha. Kwetu mke hatamki jina la mumewe, kwa hiyo akanielekezea kidevu tu.

“Huyu naishi naye mwaka wa sita,” akasema. “Nilinusa popoo tangu Ijumaa.”

Kidonge kikadondoka. Kichupa kikatikiswa. Waridi.

Waridi yake, niseme ukweli, ilikuwa hafifu kuliko yangu.

Jumanne, 13 Februari

Tumeshinda. Yaani wao wameshinda, lakini nyumba ni yangu.

Tasnuva ameusoma mpango hadharani. Tangi litakaa juu ya kilima na pampu ya sola italijaza. Dawa itatiwa humohumo tangini kwa kipimo, si pampuni na kijana anayewachungulia wanawake usoni. Koki itakuwa moja, yenye mpini wa kusukuma kwa kiwiko. Chini yake kutakuwa na jiwe la kuwekea mtungi, kwenye kimo cha kiuno, ili mtungi uhame kutoka jiweni mpaka kiunoni bila mtu kuinama. Kimo chenyewe walikipima kwa fito wiki iliyopita, kwenye kiuno cha Senowara. Kutakuwa na ukuta wa mianzi upande wa njia.

Foyaz akapinga. Akauliza kwa nini wanawake wa mtaa wake wapande mpaka juu. Mkewe akamjibu kutoka nyuma ya pazia kwamba leo wanapanda wamebeba, na kesho watapanda watupu na kushuka wamebeba, na kama haoni tofauti ajaribu zile ngazi zake arobaini mara nyingine. Foyaz akaketi. Siku nzuri sana.

Kisha wakaonyesha mahali. Panatakiwa pawe tambarare, pawe na kivuli, pawe pametulia. Fito wakaichomeka katikati ya kichanja changu cha maboga. Mbele kidogo ya benchi langu. Benchi lenyewe liko kwenye njia ya mfereji wa kutoa maji yatakayomwagika.

Nikasema kuna sehemu nyingine nzuri. Nikazitaja nne. Tasnuva akasema wanawake walizipima zote.

Jumatano, 14 Februari

Nimekataa. Nimempelekea Tasnuva barua ya kurasa mbili. Maboga hayo ni mbegu niliyoifunga kwenye kilemba nilipovuka mto. Benchi nilichonga mwenyewe. Mwanamume anahitaji mahali pa kukaa akafikiri.

Senowara alichukua mtungi akashuka. Alipokuwa akipanda kurudi, nikahesabu kwa mazoea. Ngazi ya sitini akapumzika. Ngazi ya sabini na tano akapumzika. Ngazi ya tisini akakaa chini kabisa, akashika mgongo, wala hakutazama juu.

Nikashuka. Njia ilikuwa imejaa watu, na Foyaz alikuwa kibandani kwake akipanga vikombe. Nikauchukua mtungi. Sikuuweka kichwani, sikuuweka begani. Mtungi ule umeumbwa kwa kiuno, ukiuweka kwingine unamwagika. Nikauweka kiunoni. Kule chini Foyaz akafungua mdomo. Mkewe akampa kijiko akoroge chai.

Ngazi ishirini na nne tu. Kiuno kinaniuma ninapoandika.

Alasiri nimeking'oa kichanja mwenyewe, fito moja moja. Mbegu nimezifunga kitambaani. Kama mtu ameniona nikifuta macho, ilikuwa vumbi la chokaa.

Alhamisi, 7 Machi

Maji yametoka. Baada ya majuma matatu ya saruji na mabomba, saa nne asubuhi koki ilikohoa mara mbili, ikamwaga.

Senowara alikuwa wa kwanza. Akasukuma kwa kiwiko, mtungi ukajaa juu ya jiwe, akauvuta kiunoni bila kuinama, akaja nyumbani. Hatua tisa. Nilizihesabu. Hakupumzika hata mara moja. Tumbo lake sasa ni la miezi minane na uso haukupauka. Nimefurahi mpaka nikakosa la kusema, jambo ambalo Senowara amesema ni la kuandikwa. Nimeandika.

Jumamosi, 9 Machi

Kamati ya koki imechaguliwa. Mwenyekiti ni mke wa Foyaz. Mweka kipimo cha dawa ni Senowara. Mimi nimepewa kufagia mfereji, kwa kuwa unapita palipokuwa benchi langu na mimi, wamesema, nimepazoea. Nimejiita Mkurugenzi wa Mfereji. Foyaz ameniomba kazi ya msaidizi. Nimemwambia alete maombi kwa maandishi.

Jina nalo. Siku zile za ujenzi, saruji ya jiwe ikiwa bado mbichi, nilichora kwa msumari: KOKI YA ZIABUL. Hakuna anayelisoma. Kambi nzima inasema “kwa Senowara”: nakwenda kwa Senowara, tukutane kwa Senowara. Mtu mmoja tu hasemi hivyo, naye ni Senowara. Hawezi kujitaja mwenyewe, na jina langu halitamki. Asubuhi nimemsikia akimwambia jirani anakwenda kuteka pale kwa yule. Nimelikubali hilo. Nimelipenda, hata.

Jioni kipaza sauti kimepita tena. Baada ya Idi shirika litaanza warsha ya vyoo. Tutabuni wenyewe, na mtaa mmoja utajengewa kwanza. Foyaz ameshaanza kupiga kelele.

Nimechora mnara. Ghorofa mbili tu safari hii, nimejifunza kiasi. Tasnuva kaniuliza nyumba yangu inatumia maji kiasi gani kusafishia choo, nikamwambia mitungi mitatu. Mimi nikamwuliza kipimo cha vyoo kikifaulu hugeuka rangi gani. Ameliandika swali langu daftarini kwake. Si neno. Nina popoo sita, na rangi yoyote watakayoitaka naweza kuitoa.